Hawakupigi Mabusu, Wanakosa Hewa: Acheni Kusingizia Kijicho

Jamani, hii mada nilikuwa nimepanga kuinyamazia. Nimeshindwa.

Kuna dada mmoja wa hapa hapa Mpanda, jina nalihifadhi, ila mnaomfuata mnamjua, wiki mbili zilizopita alituzindulia tangi lake la samaki. Nasema alizindua kwa sababu kilichokosekana pale ni utepe na mkasi tu. Taa za bluu, mawe meupe chini, kasri la plastiki katikati, samaki 15 wa rangi zote, na wimbo wa mahaba kwa nyuma. Ilikuwa Ijumaa usiku. Laiki zikamiminika. Kila mtu anauliza bei, kila mtu anataka na yeye.

Jumapili akatupia video ya pili. Samaki wote wamepanda juu kabisa ya maji, midomo wanafungua na kufunga, wanafungua na kufunga. Akaandika kwamba wanampiga mabusu, wameshamzoea mama yao. Watu wakajaza vikopakopa. Mimi nilikuwa nimelala, nikakaa kitako kitandani. Nikamwandikia pembeni: dada, badilisha maji sasa hivi. Hakusoma. Simlaumu, meseji zake ni nyingi.

Alhamisi ikaja picha nyeusi. Maneno machache: macho ya watu yanaua, ukiwa na kitu kizuri usikianike mtandaoni, kijicho kipo. Na komenti chini: pole mama, piga dua, choma ubani, kuna mtu wa karibu yako hapo.

Hapana. Nakataa. Hakuna mtu wa karibu, hakuna jirani, hakuna wifi. Waliowaua wale samaki ni maji. Na maji yale aliyaandaa mwenyewe, kwa kusaidiwa na mtu aliyemuuzia, ambaye alichukua hela huku akijua, au alitakiwa kujua, nini kitatokea.

Kabla hamjanishukia, sikilizeni na yangu.

Mwaka juzi mpwa wangu alitimiza miaka 7. Anapenda samaki kuliko katuni. Nikajipinda, laki tatu na ushee, nikanunua tangi la lita 60 na samaki 8 waliosafiri mchana na usiku ndani ya basi kutoka Dar, wamefungwa kwenye mifuko ya plastiki. Jioni ile ile nikajaza maji ya bomba, nikawasha pampu, nikamwaga samaki. Mtoto akaruka ruka. Nikapiga picha, nikaposti. Kama kuna mtu hapa alijiona mjomba wa mwaka, ni mimi.

Siku ya tatu wawili wakaanza kuhema juu. Nikafikiri wana njaa, nikaongeza chakula. Siku ya nne akafa wa kwanza. Nikapanga nisafishe vizuri: nikatoa maji yote, nikasugua mawe kwa sabuni ya unga, chujio nikalifinya chini ya bomba mpaka likawa jeupe, nikajaza maji mapya. Siku ya sita hakubaki hata mmoja. Mpwa wangu hakulia. Alisimama mbele ya lile tangi akaniuliza, "Mjomba, tumewafanya nini?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia ni mapenzi ya Mungu. Hilo jibu linaniuma mpaka leo, maana nilimsingizia Mungu kama huyu dada anavyowasingizia majirani. Kwa hiyo haya ninayoandika ni ya mtu aliyewahi kuua, sio ya msafi.

JIBU LA LILE SWALI

Samaki anajisaidia humo humo anamoishi. Kinyesi chake, chakula kinachobaki, hata kile anachotoa kwa kupumua kupitia matamvua (yale mekundu unayokagua sokoni kujua kama mgebuka ni wa leo au wa juzi), vyote vinaishia kuwa amonia. Amonia ni sumu. Inaunguza matamvua. Samaki mwenye matamvua yaliyoungua anakosa hewa hata kama maji yamejaa hewa, ndiyo maana anapanda juu kutafuta. Lile ndilo busu mlilolipigia makopakopa.

Sasa mtauliza, mbona mtoni na ziwani hawafi? Kwanza maji ya huko ni mengi. Pili kuna bakteria. Kuna aina ya bakteria wanaokula amonia na kuigeuza kuwa nitriti. Nitriti nayo ni sumu, inaingia kwenye damu ya samaki na kuifanya ishindwe kubeba hewa. Halafu kuna bakteria wengine wanaokula hiyo nitriti na kuigeuza kuwa nitrati, ambayo ukiiacha isijazane sana haina shida kubwa. Hawa bakteria hawauzwi na kasri la plastiki. Wanaota wenyewe, polepole, kwenye mawe, kwenye kioo, na zaidi kwenye sponji ya chujio. Polepole maana yake wiki 4 mpaka 6.

Tangi jipya halina hata chembe ya kutosha. Ni nyumba imejengwa, rangi imepigwa, taa zimefungwa, ila choo hakijachimbwa. Halafu unahamishia familia ya watu 15 siku hiyo hiyo na unashangaa wanaumwa.

Kama bado hujaelewa, mwezi wa tisa au wa kumi panda gari nenda Sitalike, pale darajani. Hata kiingilio cha hifadhi hulipi. Angalia Mto Katuma ukiwa umekauka, viboko wamebanana kwenye dimbwi moja, wamepandiana migongo, maji yamegeuka uji wa kijani. Wote tumepiga picha pale. Ukienda ndani zaidi ya Hifadhi ya Taifa Katavi, upande wa Ikuu, ndiyo kabisa. Miili mingi, maji kidogo, mavi hayana pa kwenda. Kiboko ana bahati moja, anatoa pua nje anavuta hewa yake. Samaki hana hiyo pua. Na mvua zikishuka Katuma inasukuma ule uchafu wote, mto unapumua. Tangi lako sebuleni halina masika. Mvua yake ni wewe na ndoo yako.

Tangi la lita 60 lenye samaki 15 ni Katuma ya mwezi wa kumi iliyowekewa taa za bluu. Hiyo ndiyo sentensi niliyotaka kumwambia yule dada siku ile.

MAJI MEUPE YANADANGANYA

Kitu kinachonichosha kuliko vyote ni hii komenti: "lakini maji yake yalikuwa masafi kabisa, tunaona mpaka nyuma." Wanangu, amonia haina rangi. Nitriti haina rangi. Klorini wanayoweka kwenye maji ya bomba kuua vijidudu haina rangi. Unaweza kuwa na maji yanayong'aa kama glasi ya hotelini na ndani yake hakuna kiumbe anayeweza kumaliza wiki. Halafu kuna madimbwi ya kahawia huko vijijini, kambale wamenenepa humo. Macho hayapimi maji. Kinachopima ni kipimo: matone kidogo kwenye kijichupa cha maji, unasubiri dakika chache, rangi inakuambia amonia ipo kiasi gani. Basi. Sio sayansi ya roketi.

Na ile tabia ya "usafi", tuiseme hapa hapa. Watanzania tunapenda usafi, nawapenda kwa hilo. Ila kuosha tangi lote kila Jumamosi, kusugua mawe, kufua sponji ya chujio kwa maji ya bomba na sabuni, hapo unafagilia nje wale bakteria wote walioanza kuota. Kila Jumamosi unarudi siku ya kwanza. Klorini inawaua, sabuni inawaua, na sabuni ikibaki kidogo kwenye mawe inamuua na samaki. Mimi nilifanya yote matatu kwa mkupuo mmoja na nilijiona nimejitahidi.

SASA WEWE MUUZAJI

Tukimaliza kumsema mteja, tuhamie kwako kaka. Wewe unayejiita mtaalamu, unayeposti "tangi, samaki, chakula, pampu, vyote kwa bei moja, unawashiwa leo leo." Sikutaji. Na sio wewe peke yako, mko kila mji, kuanzia Dar mpaka huku kwetu mwisho wa reli. Hiyo leo leo ndiyo inayoua.

Nimeshaongea na wauzaji wa aina hii, na utetezi wao naujua. Wa kwanza: mteja anataka samaki, hataki tangi tupu. Sawa. Mteja pia anataka kuku aive kwa dakika 5, mbona mama ntilie hampi mbichi? Kazi ya mtaalamu ni kumwambia mteja kitu asichotaka kusikia. Ukishindwa hilo wewe sio mtaalamu, wewe ni mbeba mfuko.

Utetezi wa pili: wakifa namletea wengine kwa punguzo. Eti huduma kwa mteja. Tupige hesabu pamoja. Samaki wa kwanza wanakufa, ananunua wa pili. Wa pili wanakuta amonia ya wa kwanza, nao wanakufa, ananunua wa tatu. Kufikia wiki ya sita bakteria wameshaota wenyewe kwa kulishwa maiti, wa tatu au wa nne wanapona, na muuzaji anasema "si unaona, hawa ndio mbegu nzuri." Hapana kaka. Mbegu ilikuwa ile ile. Mteja amelipia mara tatu kitu ambacho angekipata mara moja kwa kusubiri. Katika mtaa wangu hiyo hatuiiti huduma, tunaiita kupigwa.

Utetezi wa tatu: mimi mwenyewe sijasomea. Huyu nampa pole kidogo, maana na mimi sikusomea. Lakini unauza kiumbe hai. Fundi simu asiyejua akikuharibia, simu inazima. Ukikosea wewe, kuna kitu kinaungua taratibu siku sita mbele ya mtoto. Jifunze. Simu unayopostia ndiyo hiyo hiyo yenye maelezo yote.

"NI SAMAKI TU, KAANGA"

Najua wapo watakaoshuka chini kuandika hivyo. Tuko Mpanda, migebuka inashuka kutoka Karema kila siku, dagaa tunanunua kwa kopo, leo mtu anamlilia samaki wa urembo? Kaanga.

Ndugu yangu, mimi nakula migebuka kuliko wewe. Mvuvi wa Karema anamtoa mgebuka ziwani, samaki anakufa haraka, watu wanashiba. Hakuna aliyemchezea. Huyu wa kwenye tangi tumemtoa mbali, tumemfungia kwenye maji ambayo yeye hawezi kuyakimbia, tukamwacha aungue matamvua kwa siku tatu, nne, huku tunamrekodi. Halafu hakuliwa hata na paka. Ukishindwa kuona tofauti hapo, tatizo sio samaki.

Halafu kuna jambo la aibu zaidi, na hili nawaambia watu wa Katavi peke yetu.

Mnajua Ikola? Ikola hii ya kwetu, kando ya Ziwa Tanganyika, jirani ya Karema. Wengi wetu mjini hatujawahi kufika. Sasa kuna samaki mdogo anaishi kwenye miamba ya upande ule, mweusi, ana mkanda mpana wa njano kiunoni kama kajifunga khanga. Anakula mwani anaoukwangua kwenye mawe, na mama yake anaatamia mayai mdomoni. Wafugaji wa samaki wa urembo Ujerumani na Marekani wanamfahamu kwa jina la kijiji chetu: Tropheus Ikola. Wengine wanamwita Kaiser, yaani mfalme mkuu kwa Kijerumani. Kuna mtu yuko Berlin, hajui Tanzania ina mikoa mingapi, ila neno Ikola analitamka kwa heshima.

Na huyo mtu akitaka kumfuga Ikola, hajazi maji leo akamwaga samaki leo. Anaanza na maji. Maji ya Ziwa Tanganyika ni magumu na yana pH ya karibu 9, wakati maji ya katikati kabisa ni 7. Joto lake ni kama nyuzi 25 hivi mpaka 27, halipandi na kushuka ovyo, kwa sababu ziwa lenye kina cha mita 1,470, la pili kwa kina duniani, halibadilishwi na baridi ya usiku mmoja. Samaki wa humo wamezoea utulivu huo vizazi na vizazi. Sasa sikia hii: amonia ina sura mbili ndani ya maji, moja kali na nyingine ya kupoa. Kwenye maji ya pH 7 sura kali haifiki hata asilimia 1. Kwenye pH 9, kwa joto la huku kwetu, inafika kama theluthi nzima. Yaani amonia ile ile ambayo samaki wa maji mengine angeihimili, samaki wa ziwa letu inamuua. Ndiyo maana mfugaji wa huko anasubiri, anapima, anabadilisha maji kwa ratiba.

Mtu wa Berlin anamwandalia maji mtoto wa Ikola wiki sita. Sisi wenye Ikola tunaua samaki kwa siku sita halafu tunatafuta mchawi. Hapo ndipo nilipoona aibu.

HAYA, TUFANYEJE

Sitaki niwe mtu wa kulalamika tu. Ukitaka tangi, karibu sana, ni kitu kizuri kuliko nusu ya vitu tunavyoposti. Fanya hivi.

Nunua tangi, usinunue samaki. Chagua kubwa kadiri mfuko unavyoruhusu, kwa sababu maji mengi yanasamehe makosa, maji kidogo hayasamehe. Lile bakuli la duara la kwenye filamu sahau kabisa. Samaki wa dhahabu mnayemweka humo anatakiwa aishi zaidi ya miaka 10, ni mlaji na mchafuzi kuliko anavyoonekana, na ninyi mnampa wiki.

Maji ya bomba yaache kwenye ndoo wazi saa 24 ili klorini iruke, au tumia dawa ya kuondoa klorini kama unaipata. Maji ya kisima mara nyingi hayana klorini ila yana mambo yake, yapime. Jaza, washa chujio, usilizime tena mchana wala usiku.

Sasa walishe bakteria bila samaki. Kila siku dondosha punje chache za chakula cha samaki, au weka kipande kidogo cha samaki mbichi ndani ya soksi safi. Kitaoza, kitanuka kidogo, kitatoa amonia, na bakteria wataanza kuja. Ukiwa na rafiki mwenye tangi la zamani lisilo na ugonjwa, muombe kipande cha sponji ya chujio lake. Hiyo ni sawa na kuomba hamira kwa jirani, inakufupishia safari sana.

Pima. Kwanza utaona amonia inapanda. Baadaye inashuka, nitriti inapanda. Baadaye na nitriti inashuka, nitrati inatokea. Siku amonia na nitriti zote zikisoma sifuri huku chakula unaendelea kuweka, toa karibu nusu ya maji, jaza mengine uliyoyalaza, halafu nenda kachukue samaki wawili au watatu. Sio 15. Wawili au watatu. Wiki mbili mbele, ongeza wengine wawili.

Baada ya hapo kazi ni ndogo. Kila wiki toa robo ya maji, weka mengine yenye joto linalofanana. Sponji ya chujio ikijaa uchafu ifinye ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa kwenye tangi, sio bombani. Chakula mara moja kwa siku, kile wanachomaliza ndani ya dakika mbili. Na wageni msiwape ruhusa ya kutupia ugali na chapati. Mtu akitaka kulisha kitu akalishe kuku.

Umeme ukikatika, na tunajua unakatika, chujio linasimama na hewa inapungua. Chota maji kwa jagi, yamimine kutoka juu, rudia kila baada ya muda. Usilishe mpaka umeme urudi. Samaki hafi kwa kukosa mlo mmoja.

Na wale mnaoagiza kwa basi, sikilizeni, maana hili liliniuma sana nilipolielewa. Samaki akikaa kwenye mfuko uliofungwa mchana na usiku, amonia inajaa humo, lakini hewa chafu anayopumua inashusha pH, kwa hiyo ile amonia inabaki ya kupoa. Ukifungua mfuko na kuuacha wazi, hewa chafu inaruka, pH inapanda, amonia inageuka kali ghafla. Kwa hiyo uelee mfuko ukiwa umefungwa dakika 15 au 20 kwenye tangi joto lilingane, kisha fungua, mtoe samaki kwa wavu mweke ndani haraka, yale maji ya mfuko mwaga chooni. Mimi nilifungua mifuko nane nikaiacha wazi mezani nikipiga picha.

Mtu ataniambia vipimo Mpanda havipatikani. Kama samaki anaweza kupanda basi kutoka Dar, kichupa cha vipimo nacho kinaweza kukaa kwenye boksi hilo hilo. Na kama hela haitoshi kwa vyote, punguza samaki wawili, nunua kipimo. Ukikosa kabisa, basi subiri wiki sita kamili, anza na wawili, na wakipanda juu kuhema, toa robo ya maji papo hapo, weka mengine. Usiposti kwanza.

Mwisho kabisa, ukichoka kufuga usiwapeleke samaki wako Bwawa la Milala, wala Katuma, wala ziwani eti unawaachia huru. Ziwa Victoria waliwekewa sangara miaka ya 1950, na aina nyingi sana za furu zimepotea. Ziwa Tanganyika lina samaki ambao hawapo popote pengine duniani. Mpe rafiki, rudisha kwa muuzaji, ila usimwage.

KWAKO DADA

Dada yangu, najua utaisoma hii, na najua wapambe wako wataniita mwenye wivu. Sina wivu na tangi, lile kasri lako lilikuwa zuri. Nilichokiona kwako ni mimi wa mwaka juzi. Hukuwa mbaya, ulikuwa na haraka, na mtu aliyetakiwa kukuambia "subiri" alikuambia "lipia." Ila ukiwaambia watu elfu kadhaa kwamba kijicho ndicho kilichoua, kuna elfu kadhaa wengine watakwenda kununua Ijumaa, wawazike Alhamisi, na wagombane na majirani wasio na kosa. Hiyo ndiyo sababu nimeandika hadharani na sio pembeni.

Ukianza upya, tupostie tangi tupu. Siku ya kwanza maji na mawe tu. Siku ya kumi maji yamefifia, linanuka kidogo. Siku ya ishirini rangi ya kipimo imebadilika. Tutakaa na wewe siku zote 40, mimi wa kwanza kulaiki. Sijaona staa yeyote wa nchi hii aliyetrend kwa kusubiri, na wewe unaweza kuwa wa kwanza.

Mpwa wangu sasa ana miaka 9. Tangi lile lile la lita 60, safari hii lilikaa tupu wiki tano, na yeye ndiye aliyekuwa anadondosha punje za chakula kila asubuhi kabla ya shule na kuandika rangi za kipimo kwenye daftari lake la hesabu. Samaki sita, mwaka wa pili huu. Juzi rafiki yake alikuja nyumbani akauliza mbona hawa hawaji juu kupiga mabusu kama wa kwenye simu. Akamjibu bila hata kumgeukia: "Hawa wanapumua."

Haya, uwanja wenu. Nani aliua samaki wake na akasingizia nini? Semeni ukweli, mimi nimeanza.